Henry Dreyfuss: Msanifu aliyetaka mashine ieleweke hata kwa asiyejua lugha ya aliyeiunda

MATREKTA mengi yanayolima duniani leo yana picha mbili ndogo kando ya mkono wa kuongezea na kupunguzia mafuta: sungura upande mmoja, kobe upande wa pili. Dereva akiusukuma mkono huo kuelekea kwa sungura, injini huongeza kasi. Akiurudisha kwa kobe, kasi hupungua.

Hapana neno lolote lililoandikwa hapo. Dereva wa Uasin Gishu, wa Punjab na wa Iowa huelewa jambo lilo hilo bila ya kufasiriwa. Katika ngano kobe ndiye hushinda mbio, lakini kwenye trekta bado hajapewa nafasi hiyo.

Alama za aina hii zimezoeleka kiasi kwamba ni vigumu kukumbuka kuwa kuna wakati hazikuwapo. Mashine ilifika na maneno ya nchi ilikotengenezwa, na aliyeinunua akaachiwa mzigo wa kujua maana yake. Miongoni mwa watu waliojitahidi kuubadilisha utaratibu huo ni Henry Dreyfuss, msanifu wa Kimarekani ambaye kwa takribani miaka 40 alishughulika na simu, saa, mashine za kufulia, treni na matrekta.

Dreyfuss alizaliwa Machi 2, 1904, katika mtaa wa Brooklyn jijini New York. Jamaa zake walikuwa wafanyabiashara wa mavazi na vifaa vya maonyesho, kwa hivyo alizoea mambo ya jukwaani tangu utotoni. Alipomaliza masomo katika shule ya Ethical Culture, alijiunga na Norman Bel Geddes, msanifu mashuhuri wa majukwaa, akiwa mwanagenzi. Haukupita muda akawa anaandaa mapambo ya jukwaa la ukumbi wa Strand jijini humo, kazi iliyomlazimu kubuni vitu vipya kila kukicha.

Mafunzo hayo hayakumtoka. Fundi wa jukwaa hupimwa kwa macho ya watu walioketi ukumbini, hasa wale wa viti vya nyuma, wala si kwa macho yake mwenyewe.

Mnamo 1927, duka kubwa la Macy's lilimwalika apitie bidhaa zake na kupendekeza namna ya kuziboresha. Alizikagua, kisha akaikataa kazi hiyo. Hoja yake ilikuwa kwamba bidhaa ikishatoka kiwandani, msanifu amekwisha kuchelewa, na kilichobaki ni kuipaka rangi tu. Alikuwa na umri wa miaka 23 na hakuwa na mali ya kumfanya ajivune. Alifunga safari ya Paris, akarejea, na mwaka 1929 akafungua ofisi yake New York.

Msimamo huo ulijitokeza tena aliposhughulika na kampuni ya simu ya Bell. Kampuni hiyo ilikuwa ikiwatafuta wasanii wachore simu ya siku zijazo, na kila mmoja aliahidiwa dola 1,000. Dreyfuss alikataa kuchora peke yake chumbani. Alitaka kuketi na wahandisi waliojua nyaya na vyuma vilivyomo ndani ya chombo chenyewe, ndipo umbo la nje litokane na kazi ya ndani. Bell haikupendezwa na masharti hayo, lakini baadaye ilimrudia, na ushirikiano huo ukadumu hadi mwisho wa maisha yake ya kazi.

Kisa kinachomweleza vyema zaidi, hata hivyo, hakihusu mashine. Kampuni ya RKO ilikuwa na ukumbi wa sinema katika mji wa Sioux City, jimbo la Iowa, ambao watu waliukwepa ijapokuwa ulikuwa umepambwa ukapambika. Kiingilio kilipunguzwa, filamu zikaongezwa, lakini viti vikabaki vitupu. Dreyfuss alienda kusimama mlangoni kwa siku kadhaa akiwatazama wapita njia na kuwasikiliza. Aligundua kwamba wakulima na vibarua wa mji huo walikuwa wakiliogopa zulia jekundu la kifahari lililotandikwa kwenye lango, kwa kuwa viatu vyao vilikuwa na matope. Zulia liling'olewa, mahali pake pakawekwa mkeka wa mpira usio na madoido, na watu wakaanza kuingia.

Hakuna aliyekuwa amewaandikia wakulima hao kwamba hawakaribishwi. Zulia lenyewe ndilo lililowaambia. Kuanzia hapo Dreyfuss alikifanyia kazi kila kitu akiwa na imani kwamba kifaa husema na mtu kabla mtu hajasoma neno lolote.

Mwaka 1930 alimwoa Doris Marks, mwanamke aliyekuwa pia mshirika wake wa kazi na msimamizi wa masuala ya biashara. Walijaliwa watoto watatu. Waliofanya kazi nao wameeleza jinsi Dreyfuss alivyopenda kuvaa suti za rangi ya kahawia na uwezo wake wa ajabu wa kuchora juu chini, ili mteja aliyeketi ng'ambo ya meza aione picha ikiwa imesimama sawasawa. Huenda wengine waliuona huo kuwa mzaha wa mtu wa maonyesho. Lakini ndiyo tabia yake ileile: mchoro ulikuwa wa mteja, basi sharti uelekee kwa mteja.

Kazi zilimiminika. Mwaka 1933 duka la Sears lilitoa mashine ya kufulia aliyoisanifu, iliyoitwa Toperator, ambayo vitufe na swichi zake vilikusanywa pamoja upande wa juu badala ya kutawanywa huku na kule. Zilifuata saa za Westclox, majokofu ya General Electric, vifaa vya Hoover vya kufyonzea vumbi, na mwaka 1938 treni ya kifahari ya 20th Century Limited iliyosafiri kati ya New York na Chicago. Simu ya Bell ya mwaka 1937, ile nyeusi inayoonekana katika filamu za kale, ilipitia mikononi mwake. Mwaka 1953 ilitokea swichi ya Honeywell ya kudhibiti joto la nyumba, ambayo aliifanya mviringo. Zile za mstatili zilizoitangulia zilikuwa zikionekana zimepinda ukutani kila fundi alipokosea kidogo, ilhali duara halipindi.

Sharti alilojiwekea lilikuwa kutumia kifaa kabla ya kukichora. Aliendesha matrekta, akatandaza samadi shambani, akafua nguo, akaendesha kichwa cha treni ya dizeli. Wasanifu wengi wa zama hizo waliojipatia umaarufu kwa michoro ya magari yenye maumbo ya risasi hawakuwa na subira ya kazi kama hizo.

Hata hivyo, mtu huyu pia alikosea. Simu ya Model 500, iliyoanza kutolewa mwaka 1949, ilihamishia herufi na tarakimu nje ya gurudumu la kupigia ili zisikwaruzwe na vidole na zionekane vizuri. Jambo lililotarajiwa kuwasaidia watu likawachelewesha, kwa sababu kidole kilipoingia tunduni jicho lilikosa pa kulenga. Watafiti wa Bell walipendekeza kitone cheupe kiwekwe katikati ya kila tundu, na kasi ya watu ikarudi. Kitone kisicho herufi wala tarakimu kilifanya kazi ambayo maandishi mazuri yalishindwa kuifanya.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ofisi yake ilipewa kazi za kijeshi. Mojawapo ilihusu vifaru, ambamo dereva aliyevaa nguo nzito na mabuti alibanwa katika nafasi finyu iliyojaa mikono na vikanyagio. Ilibainika kwamba takwimu za kina kuhusu mwili wa binadamu, za kumwongoza msanifu hatua kwa hatua, hazikuwa zimekusanywa mahali pamoja. Mkono wa mtu hufika wapi bila ya kuinama? Mguu unaweza kusukuma kwa nguvu kiasi gani? Shingo huzunguka hadi wapi?

Vita vilipokwisha, Dreyfuss na mwenzake Alvin Tilley waliendelea kukusanya vipimo hivyo. Walivichora katika umbo la mwanamume waliyemwita Joe na mwanamke waliyemwita Josephine, ambao Dreyfuss aliwatambulisha kwa umma katika kitabu chake cha mwaka 1955, Designing for People. Mwaka 1960 ulitoka mkusanyiko kamili, The Measure of Man, ukiwa na picha zenye ukubwa wa mtu halisi. Havikuwa vipimo vya mtu wa wastani pekee, bali pia vya mdogo na mkubwa, kwa kuwa mlango unaomtosha mtu wa wastani humgonga mrefu kichwani.

Kasoro iliyopo ni kwamba Joe na Josephine walikuwa Wamarekani. Vipimo vingi vilitokana na watu wa taifa hilo, wakiwemo wanajeshi wake, na vikatumika kusanifu vitu vilivyouzwa kote duniani. Mfupi wa bara jingine aliyeshindwa kufikia kikanyagio hakuwamo katika hesabu.

Ni katika matrekta ndipo suala la lugha lilipomkabili waziwazi. Kampuni ya John Deere ilimtafuta mwaka 1937, na kufikia 1938 matrekta yake ya Model A na B yalikuwa na sura mpya. Ushirikiano wao ulikomaa zaidi Agosti 30, 1960, wakati kampuni hiyo ilipozindua familia nzima ya matrekta mapya mjini Dallas mbele ya maelfu ya wauzaji. Kiti cha matrekta hayo kilisanifiwa kwa ushauri wa Dkt Janet Travell, bingwa wa maumivu ya mgongo aliyemtibu John F. Kennedy. Mikono na vikanyagio vilipangwa mahali ambapo mikono na miguu ya dereva ilikuwa tayari.

Wakati huo John Deere haikuwa tena kampuni ya Marekani pekee. Mwaka 1956 ilikuwa imenunua kiwanda cha Lanz katika mji wa Mannheim, Ujerumani, na ilikuwa ikipanua biashara yake Amerika Kusini. Maneno ya Kiingereza yaliyogongwa kwenye dashibodi yalikuwa mafumbo kwa Mjerumani na kwa Mwajentina. Kuandika upya kila bamba kwa kila lugha kulimaanisha gharama, na hata hivyo kusingemsaidia kibarua asiyejua kusoma lugha yoyote.

Jambo hili halikuwa la urembo. Nyuma ya trekta huwa na mhimili unaozungusha mashine zilizofungwa hapo, kama vile ya kupukuchulia mahindi. Katika kasi yake ya kawaida ya mizunguko 540 kwa dakika, mhimili huo huzunguka mara tisa kila sekunde. Ukinasa ncha ya shati, mtu hana nafasi hata ya kupiga ukemi. Anayekimbia kuuzima hana wakati wa kufikiri ni mkono upi, na kama maandishi yake ni ya kigeni, atabahatisha.

Ofisi ya Dreyfuss iliunda alama za kuwekwa kwenye mikono na swichi za mashine za Deere. Kazi hiyo ndiyo iliyomzamisha katika ulimwengu wa ishara, na alipozama hakutaka kuibuka. Aligundua kwamba kila taaluma ilikuwa imejitungia alama zake bila kuziuliza nyingine. Alama moja ilikuwa na maana hii kwa mhandisi wa umeme na maana ile kwa daktari. Wazo moja nalo lilikuwa na alama kumi katika nchi kumi.

Si yeye aliyekuwa wa kwanza kulitambua tatizo hilo. Otto Neurath wa Vienna alikuwa ametunga mtindo wa kueleza takwimu kwa picha tangu miaka ya 1920, na mataifa yalikuwa yakijadiliana kuhusu alama za barabarani. Tofauti ni kwamba Dreyfuss hakuanza kwa kubuni lugha mpya. Alianza kwa kukusanya zilizokuwepo. Waliombwa mchango wataalamu, mashirika ya viwango na viwanda vya nchi nyingi, na hifadhi ya ofisi yake ikafikia alama zaidi ya 20,000.

Katika kuzichambua alizigawa katika mafungu. Zipo zinazochora kitu kama kilivyo, kama vile fuvu na mifupa miwili. Zipo zilizopunguza picha hadi ikabaki kiini chake, kama alama za nyota za ng'ombe na kondoo. Kisha zipo zisizofanana na chochote, kama za kujumlisha na kutoa, ambazo watu walikubaliana tu na sharti kila mtu afundishwe. Hapa ndipo alipowazidi wengi waliodhani kwamba picha hujieleza yenyewe. Mtu asiyewahi kuona kopo la mafuta lenye mdomo mrefu hawezi kujua kwamba picha yake kwenye dashibodi yamwonya kuhusu oili ya injini. Alama pia hufundishwa. Nafuu yake ni kwamba hufundishwa mara moja tu, na mwanafunzi akivuka mpaka huenda nayo.

Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 1972 kwa jina Symbol Sourcebook, na utangulizi uliandikwa na Buckminster Fuller. Yaliyomo yaliorodheshwa kwa lugha 18. Ndani yake mna alama za kilimo, tiba, usalama, uchukuzi wa mizigo, viwanda, muziki na vidhibiti vya magari. Kuna sehemu ya rangi, kwa sababu rangi nazo hazina maana moja: nyekundu ya hatari huko Magharibi ni ya heri na arusi nchini China. Isitoshe, kuna sehemu iliyopanga alama kwa umbo, duara na duara, pembetatu na pembetatu. Mtu aliyekutana na alama asiyoijua angeweza kuitafuta kwa sura yake, jinsi mtu atafutavyo neno katika kamusi.

Dreyfuss hakudai kwamba picha zingechukua mahali pa lugha za watu. Alizitaka zisaidie pale ambapo neno huchelewa au halieleweki.

Alikuwa amekwisha kung'atuka katika kampuni yake mwaka 1969, baada ya kuwa rais wa kwanza wa chama cha wasanifu wa viwanda nchini Marekani kilichoundwa mwaka 1965. Mradi wa alama ndio aliouendeleza uzeeni akiwa California, Doris akiwa kando yake. Lakini Doris alipatwa na saratani ya ini iliyofikia hatua isiyotibika. Oktoba 5, 1972, mwaka uleule kitabu kilipotoka, wawili hao walikutwa wamefariki pamoja nyumbani kwao South Pasadena, wakiwa wameamua kujitoa uhai. Dreyfuss alikuwa na umri wa miaka 68.

Hakuishi kuona skrini za kugusa zilizosambaa viwandani miongo kadhaa baadaye. Mwendeshaji wa mashine ya kufungia maziwa au ya kukatia chuma sasa anaweza kubonyeza kitufe na maneno yote yakageuka kutoka Kijerumani hadi Kihispania. Kuna waliotumaini kwamba uwezo huo ungeziondolea kazi alama. Haikuwa hivyo. Neno fupi la lugha moja huwa refu katika nyingine na kufurika nje ya kitufe chake. Tafsiri hufanywa na mtu ambaye hajawahi kuiona mashine, naye huandika jambo ambalo fundi halitambui. Zamu ya usiku huikuta skrini katika lugha ya zamu ya mchana, na ili kuibadilisha sharti kwanza waweze kusoma lugha wasiyoijua.

Kwa sababu hizo viwanda vingi huweka vyote viwili, neno na alama kando yake. Shirika la viwango la kimataifa, ISO, lina mkusanyiko wa alama za vifaa unaojulikana kama ISO 7000, na lile la masuala ya umeme, IEC, lina wake wenye nambari 60417. Humo ndimo ilimo ile duara iliyokatwa juu na kupitishwa mstari, inayoonekana kwenye kitufe cha kuwashia kompyuta na runinga. Sungura na kobe nao wamo katika ISO 7000.

Nyaraka za mradi wa Symbol Sourcebook zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Cooper Hewitt jijini New York, ambalo mwaka 2023 liliandaa maonyesho kuhusu kitabu hicho na alama zilizozaliwa baada yake. Kitabu chenyewe kimechapishwa upya mara kadhaa.